Kiingereza tunakikagua herufi kwa herufi, Kiswahili tunakiachia Mungu

Mpanga_Herufi (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, hamjambo. Ninafanya kazi kwenye duka la kuchapa huku vichochoro vya River Road. Mabango ya injili, kadi za harambee, fulana za siasa, ratiba za mazishi, stika za matatu, vyote hupita kwenye kompyuta yangu kabla ya kwenda kwa mashine. Haya nisemayo sikuyasoma popote, nayaona kila siku isipokuwa Jumapili.

Mteja hutuma maneno kwa WhatsApp, nusu Kiingereza nusu Kiswahili. Nikishayapanga namwita aje akague. Majuzi alikuja mzee mmoja na bango la mkutano wa maombi. Juu kaulimbiu kwa Kiingereza, chini mwaliko kwa Kiswahili. Akavaa miwani, akafuata Kiingereza kwa kidole, neno baada ya neno. Akakwama kwenye neno moja, akampigia simu binti yake amuulize lina "e" ngapi. Binti akajibu, tukarekebisha. Kidole kikashuka kwenye Kiswahili, na pale palikuwa pameandikwa hivi:

WOTE MUNA KARIBISHWA. WAGOJWA WATA OMBEWA. MAHARI NI UWANJANI. KIINGILIO NI MBURE.

Akapitisha kidole mara moja kama anayefuta vumbi. "Hapo sawa, chapa."

Nikamwuliza, "Mzee, hiyo mahari ni ng'ombe wangapi?" Hakunipata. Nilipomwonyesha alicheka sana, kisha akasema, "Ah, watu wataelewa tu."

Hilo "wataelewa tu" ndilo limenileta hapa. Mzee huyo anajua Kiswahili. Ukimsikia akibishana na makanga kuhusu nauli utatamani umrekodi. Tatizo ni kwamba kosa la Kiingereza analiona ni aibu yake yeye na kanisa lake, lakini kosa la Kiswahili halina mwenyewe. Nani atamcheka?

Mimi makosa haya nayaweka mafungu mawili. Kuna ya ulimi. Gĩkũyũ kina "r" lakini hakina "l", basi mahali panakuwa mahari, na mtu akijaribu kujirekebisha anapitiliza, kura inakuwa kula. Dholuo hakina "sh" wala "z", shamba linakuwa samba na zawadi inakuwa sawadi. Ndugu zetu wa Magharibi "b" inawateleza ikawa "p". Hayo mimi nayasamehe, mtu huandika anavyosikia. Lakini hebu niambieni, "wata ombewa" imetoka kwa ulimi wa nani? Hakuna kabila lolote Kenya linalovuta pumzi kati ya "wata" na "ombewa". Hiyo ni kutojali, basi.

Kijana_wa_Umo

Buda, lakini si wewe mwenyewe umesema watu walielewa? Mkutano ulifanyika, wagonjwa wakaombewa. Sasa kesi iko wapi?

Mpanga_Herufi

@Kijana_wa_Umo ingekuwa ni kuelewa tu, mbona "e" ya Kiingereza ilipigiwa simu?

Brashi_na_Rangi

Nimecheka hadi jirani amegonga ukuta. Mimi ni mwandishi wa mabango, lakini ya mkono, rangi na brashi. Mageti, vibanda vya M-Pesa, kuta za shule, vinyozi. Niko Kariobangi.

Niwaambie kitu kuhusu MBWA KALI. Zunguka Nairobi yote, kuanzia Karen mpaka huku kwetu, kila geti ni Mbwa Kali. Sasa mbwa ni mnyama, anakwenda na watu: mbwa mkali, mbwa wakali. Mimi hilo nalijua. Kuna mama mmoja aliniita nimwandikie, nikapiga mistari ya chaki, nikapima nafasi, nikaandika MBWA MKALI vizuri na kivuli cha rangi nyekundu. Akatoka nje akaangalia. Akasema, "Hiyo umeongeza nini hapo katikati?" Nikamweleza. Akaniambia, "Hiyo ni ya vitabu. Mwizi akisoma hivyo atafikiri tumeajiri mwalimu. Niandikie ile ya kawaida." Nikafuta M.

Kwa hivyo ukiona kosa ukutani usikimbilie kumlaumu fundi. Mteja akileta hivyo, naandika hivyo. Nikijaribu kumsahihisha ananiuliza kama nalipwa kuandika au kufundisha.

Mwalimu_Mstaafu

@Brashi_na_Rangi huyo mama ana ukoo mrefu. "Mbwa kali" inanuka Kisetla, kile Kiswahili cha walowezi na watumishi wao, ambacho ngeli zilitupwa nje pamoja na maganda ya viazi. Bwana shamba hakuwa na haja ya upatanisho, alitaka mbwa, geti na woga. Walowezi wakaenda, bango likabaki.

Sasa nirudi kwa mwenye uzi. Nimefundisha Kiswahili shule za upili miaka mingi, na nimesahihisha mitihani. Umegusa mahali penyewe: kutenganisha viambishi. "Ni me fika", "ana kuja", "ha tuja ona". Hili halikuwa tatizo kubwa nilipoanza kazi, lakini siku hizi hata mwanafunzi hodari analo. Nadhani linatokana na Kiingereza kinachomfikia mtoto mapema, huku akisoma kwamba nafsi ni neno, wakati ni neno, kitendo ni neno. Akija kwa Kiswahili anachukua kisu na kukata palepale alipozoea kukata.

Wala kukata si dhambi kwa lugha zote za Kibantu. Wasotho wa Afrika Kusini wakishukuru huandika "ke a leboha", vipande vitatu. Wazulu huandika "ngiyabonga", neno moja. Lugha hizo ni ndugu, zimejengwa kwa matofali yaleyale, ila waliokaa kuziandika walikubaliana tofauti. Sisi tulikubaliana kuunganisha. Ukitenganisha unavunja makubaliano, na msomaji aliyezoea kuona neno zima inabidi alikusanye upya. Mtu anayesoma "ata kaye shinda" hujikwaa mara mbili kabla hajafika kwa ushindi.

Kuhusu mitihani, huenda wengi hamjui. Tukisahihisha insha ya KCSE, kosa la sarufi hupigiwa mistari miwili chini, kosa la hijai, yaani tahajia, mstari mmoja, na kosa likirudiwa halipigiwi tena. Yaani mwanafunzi anaweza kuandika "ana kuja" mara kumi, akaadhibiwa mara moja. Ni haki kwake, sina ubishi. Ila anayerudishiwa insha yenye mstari mmoja mwekundu huona ana kosa moja.

Kijana_wa_Umo

Mwalimu umenirudisha darasa la nane na ile hofu yote.

Shangazi_South_B

Mimi naomba niwakumbushe kizazi cha "xaxa". Nyinyi mliozaliwa na simu za kugusa hamjui tulikotoka. Ujumbe mmoja ulikuwa herufi 160, ukipita unakatwa pesa ya ujumbe wa pili. Kwa hivyo "tutaonana" ikawa "2taonana", "mtu" akawa "m2", "usijali" ikawa "ucjali". Hapo kulikuwa na sababu, tulikuwa tunabana senti. Lakini "x" badala ya "s"? "Xaxa mpenzi, nakupenda xana"? Herufi ni ileile moja! Hakuna senti iliyookolewa hapo. Huo ulikuwa urembo, kama kuvaa miwani ya jua usiku. Na wale watu wa xaxa leo ni mameneja.

Mpanga_Herufi

@Shangazi_South_B nina mteja wa miaka arobaini na kitu bado ananitumia "naomba ufanye haraka xana".

Kimvita_Asilia

Salamu kwenu. Mimi ni wa Mombasa Mji wa Kale, riziki imenileta Nairobi, nakaa Eastleigh. Nimewasoma nyote nikatabasamu, maana nyinyi wa bara mwazozana juu ya hijai kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni.

Ngojeni niwaambie. Babu zetu wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya hizi za Kizungu. Wakaja wamishonari na herufi zao. Mwaka 1928 wakubwa wa serikali za kikoloni wakakaa Mombasa, kwetu, chini ya mwembe wetu wenyewe, wakaamua lugha ya kusanifishwa ni Kiunguja. Kufikia 1930 kuna kamati, na 1939 kamusi imetoka. Sauti zetu zikaachwa nje ya mlango.

Mfano: kaa la moto na khaa wa baharini. Kwetu hayo ni matamshi mawili, wa baharini ana pumzi mdomoni, wa moto hana. Paa la nyumba na phaa wa porini, vivyo hivyo. Hijai sanifu yaandika kaa na kaa, paa na paa. Sisi twasema kheri, nyinyi mwaandika heri. Kila mtoto wa Mombasa afikapo shule hufundishwa kwamba asikiacho nyumbani hakipo kwenye karatasi.

Basi mtu wa Murang'a akiandika mahari kwa mahali, na Mjaluo akiandika sawadi, mimi siwacheki. Nami nimelazimishwa kuandika nisivyosema. Tofauti ni kwamba mimi nilijifunza, sababu niliipenda lugha. Hapo ndipo nakubaliana na mwenye uzi. Hii "wata ombewa" haina utetezi.

Mtu_wa_Limuru

Nimesoma nikinyamaza lakini sasa lazima niseme. Mwenye uzi, umesema unasamehe makosa ya ulimi, asante. Wengi hawasamehi. Tangu nikiwa darasa la nne nimechekwa kwa sababu ya "l" na "r". Niliposimama gwaride nikasema "Barua ya kuomba kazi", darasa zima lilikuwa linangoja nitoe "balua". Kila wakati wa kampeni picha za bango la "Piga kula" huzungushwa, na kicheko chake hakihusu Kiswahili, kinahusu kabila. Anayeshiriki picha hiyo mwenyewe anaandika "hii kitabu yangu".

Na mnajua matokeo yake? Mtu kama mimi, kazini, nikiwa na jambo la maana la kusema, naandika kwa Kiingereza. Sio kwamba nakipenda. Ni kwamba Kiingereza nikikosea nitaonekana nimekosea Kiingereza. Kiswahili nikikosea nitaonekana Mkikuyu.

Halafu hata Gĩkũyũ chenyewe hatukiandiki sawa. Kina ĩ na ũ zenye kofia, na bila hizo maneno mengi yanagongana. Angalia jumbe zetu za familia kama utaona kofia hata moja. Kwa hivyo mimi naona ni kwamba hatujafundishwa kujali chochote tulichozaliwa nacho.

Mpanga_Herufi

@Mtu_wa_Limuru hapo kwa Kiingereza na Kikuyu umesema kitu ambacho sikuwa nimekifikisha. Nilidhani watu hawajali Kiswahili kwa sababu hakuna atakayewacheka. Kumbe wapo wanaokikimbia kwa sababu watachekwa, na kwa jambo wasilolichagua. Lakini ona mambo yanavyokutana: anayeandika ovyo na anayeogopa kuandika wote wanaishia kwa bango lenye Kiingereza kilichonyooka na Kiswahili kilichopinda.

Ila bado nang'ang'ana na jambo moja. Ulimi una dawa rahisi. Kama unajua "l" na "r" zinakusumbua, kuna maneno kama kumi hivi ambayo ndiyo yanayojirudia kwenye mabango: mahali, kura, kula, barua, karibu, lipa, baraka, chakula, bila. Yabandike ukutani. Mimi nimeyabandika juu ya kompyuta, na wateja wenyewe huyatazama wakidhani ni bei.

Fundi_wa_Programu

Mnasahau mshukiwa mkubwa: simu. Kibodi ikiwa kwa Kiingereza, ukiandika "kama" inakupa "karma", ukiandika "sana" inakupa "Santa". Nimewahi kumtumia mama mkwe "asante Santa". Wengi hawajui unaweza kuingia kwenye mipangilio ukaongeza Kiswahili, Gboard inacho.

Ila hata ukiongeza, usitegemee maajabu. Programu nyingi za kusahihisha hijai zilianza na wazo la orodha: neno likiwa kwenye orodha ni sawa, lisipokuwepo pigia mstari. Kwa Kiingereza hilo linakwenda, kwa kuwa kitenzi kimoja kina maumbo machache. Chukua "pika". Nafsi sita mbele, nyakati nne za kawaida (na, li, ta, me), watendwa sita katikati. Hapo tayari una nafasi 144, na bado hujagusa kukanusha, wala pikia, pikwa, pikiana, wala ngeli za vitu. "Hatutawapikia" haiwezi kukaa kwenye orodha ya mtu. Programu inapaswa kujua kulifumua neno, na kazi hiyo inataka watu na pesa.

Sasa angalia kinachotokea. Unaandika "hatutawapikia" sawasawa, simu inakupigia mstari mwekundu. Unaandika "ha tuta wapikia", mstari unapungua. Simu inakufundisha makosa kwa upole kabisa.

Mwalimu_Mstaafu

@Fundi_wa_Programu hapo kwa mistari umenifungua macho. Kumbe nina mshindani darasani na hana hata cheti.

Kijana_wa_Umo

Sasa mimi niulize swali la ukweli. Hii yetu ya Nairobi, "mtu mwenye alikuja", "vile venye nilikuambia", "ako wapi", hiyo pia ni kosa ya hijai? Maana sisi wote tunaongea hivyo, na tunaelewana bila kupoteza hata neno. Kama watu milioni kadhaa wanasema kitu kimoja, hao wote wanakosea aje?

Mwalimu_Mstaafu

Swali zuri, kijana wangu, na nitakujibu kwa heshima lililonayo. "Mtu mwenye alikuja" haikutokea kwa bahati mbaya. Ina kanuni: mwenye kwa mtu mmoja, wenye kwa wengi, yenye, kenye, penye kwa vitu na mahali. Hukosei kamwe ukiitumia, kama vile mtu wa Pwani hakosei "aliyekuja". Watu wa mji huu wameona kirejeshi kinachojificha ndani ya kitenzi ni kazi, wakakitoa nje. Sitakuambia ni ujinga.

Lakini ukiandika tangazo litakalosomwa na mtu wa Lamu, wa Kisumu na mgeni wa Arusha, tumia lile ambalo wote watatu wamelisoma shuleni. Hilo ndilo jambo pekee sanifu inalokusaidia. Nyumbani kwako sema unavyopenda.

Mpanga_Herufi

Mimi hapo na Mwalimu tunaachana kidogo. Yeye ana huruma zaidi. Mimi nikiona "mwenye" kwenye fulana ya kijana wa Umo nitachapa bila neno, ni lugha yake na inapendeza. Nikiiona kwenye kadi ya mchango wa hospitali, nabadilisha bila kuuliza.

Bi_Takwimu

Mnabadilisha maneno ya mteja bila kuuliza? Hiyo ni hatari. Ukibadilisha jina la marehemu?

Mpanga_Herufi

@Bi_Takwimu majina siyagusi. Wanjiru akija bila ũ anatoka bila. Nisichokiacha ni "muna".

Katibu_wa_Korti

Wataalamu, kwa vile mko hapa, nisaidieni. Mimi ni katibu wa korti yetu, yaani nyumba zetu za geti moja, huku Embakasi. Mwenyekiti amenitumia tangazo la kubandika getini na kutuma kwenye kundi la WhatsApp. Nimelinakili kama lilivyo:

WAPANGAJI WOTE. MUNA JULISHWA MAJI ITAKUWA HAIKO KESHO KUTOKA SAA 3 MPAKA SAA 11. WENYE WAKO NA MITUNGI WAJAZE. WENYE HAWAJALIPA TAKATAKA WATAJUA HAWAJUI.

Shangazi_South_B

Hizo takataka zinazolipwa ni akina nani? Nami nataka kulipwa.

Kimvita_Asilia

Bwana katibu, hata kabla ya hijai, saa 3 ipi? Ukimwambia mtu wa kwetu saa tatu, atangoja jua la asubuhi. Lakini hapo Embakasi nusu ya wapangaji wakiona tarakimu 3 kwenye karatasi wataisoma Kizungu, waelewe alasiri. Saa 11 nayo kwao ni karibu na adhuhuri au karibu na usiku wa manane. Mmoja atajaza mitungi, mwingine ataingia bafuni na sabuni kichwani.

Fundi_wa_Programu

Na "kesho". Karatasi ikibandikwa getini Jumatatu, ikabaki hapo Jumanne, kila anayepita anaona kesho hakuna maji. Inaweza kukaa hapo hadi Krismasi na bado iwe kesho.

Mwalimu_Mstaafu

Nyinyi mnanifurahisha, maana haya mawili hayako kwenye mtaala wowote na ndiyo yanayoumiza watu. Katibu, niruhusu nijaribu:

"Wapangaji wote mnajulishwa kwamba Jumanne hakutakuwa na maji, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Tafadhali jazeni mitungi Jumatatu. Ambao hawajalipa ada ya kuzoa takataka wamwone mweka hazina kabla ya Ijumaa."

Tarakimu nimeziandika kwa maneno na nikaweka asubuhi na jioni. "Maji itakuwa haiko" sikuirekebisha tu kuwa "maji hayatakuwako", nimeigeuza, kwani "hakutakuwa na maji" ndivyo mtu angesema akitulia.

Kijana_wa_Umo

Ile ya "watajua hawajui" mngeiacha. Hiyo ndiyo sehemu ingefanya nilipe.

Brashi_na_Rangi

Naunga mkono. Ilikuwa na nguvu.

Mpanga_Herufi

Tangazo la Mwalimu ni safi. Nami ningeongeza tarehe baada ya Jumanne, na ningeweka mstari wa takataka kwenye karatasi yake peke yake. Mtu akiona deni kwenye tangazo la maji, anaacha kusoma akifika hapo na anasahau mitungi. Nimeona kadi za harambee zikianza na shukrani kwa wafadhili, mstari wa mwisho ndipo namba ya kutuma pesa. Hijai nzuri haikomboi mpangilio mbaya.

Pia usiandike yote kwa herufi kubwa. Kwa Kiswahili zinachosha haraka kuliko kwa Kiingereza, maneno yetu ni marefu. Tazama HAWATASHUGHULIKIWA, ni kama treni ya SGR inayopita bila dirisha.

Katibu_wa_Korti

Asanteni sana. Nimeandika upya hivyo, na tarehe, na takataka nimeipa karatasi yake. Nampelekea mwenyekiti sasa hivi.

Katibu_wa_Korti

Amejibu. Anasema Kiswahili ni kizuri mno, amekisoma mara mbili, amempigia hata mke wake. Sasa anataka nikitafsiri kwa Kiingereza ili tangazo liwe rasmi.

Mtu_wa_Limuru

Siwezi.

Mwalimu_Mstaafu

Mwambie asome Katiba ya 2010, kifungu cha 7. Ibara ya kwanza, lugha ya taifa ni Kiswahili. Ya pili, lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, na Kiswahili ndicho kimetajwa kwanza.

Katibu_wa_Korti

Nimemtumia, pamoja na picha ya ukurasa wenyewe. Ameweka dole gumba. Nitabandika cha Kiswahili leo jioni kabla hajabadilisha nia.